Kitambaa cha Ukutani kwa Kandida

Mjukuu wangu huweka maneno kwenye simu yake kila asubuhi kabla hajapiga mswaki. Juzi aliweka haya: "Wapo wanaokuchekea kwa meno ya mbele tu." Nikamuuliza anamsema nani. Akaniambia, "Bibi, simsemi mtu, ni maneno tu." Kufika saa ya chai, marafiki zake wema wote walikuwa wamempigia simu, mmoja baada ya mwingine, kuuliza wamemkosea nini. Yule msichana aliyekusudiwa, maana bila shaka alikuwepo, alikuwa amempongeza na kuyanakili maneno yenyewe kwenye simu yake.

Nilicheka mpaka chai ikanipalia. Kazi hiyo hiyo niliifanya mimi kwa uzi na sindano umri wangu wote wa nguvu, hapa hapa Mbinga, na naona watu hawajabadilika hata kidogo. Kwa hiyo ninyi mnaoandika kila siku, kaeni kidogo mnisikilize. Shikamoo zenu nilizipokea tangu mlangoni.

Nilikuwa mdarizi. Nilidarizi vitambaa vya makochi, vya meza, vya kufunikia redio, na zaidi ya vyote vile vya kutundika ukutani, vyenye maneno. Mtu alipoingia sebuleni kwa mwenzake alisalimia, akakaa, kisha macho yakapanda ukutani kusoma. Ukitaka kujua nyumba ile ina ugomvi na nani, hukuwa na haja ya kuuliza.

Nilipoanza, watu walitaka maneno ya kazi, ya umoja na ya Mungu, na nyuzi hazikuwepo. Tulifumua masweta makuukuu, tukadarizi juu ya mifuko ya unga iliyofuliwa mpaka maandishi ya kiwanda yakafifia. Halafu biashara ikafunguliwa. Wanunuzi binafsi wa kahawa wakaja na magari yao na fedha mkononi, maduka yakajaa nyuzi za rangi ambazo hatukuwa hata na majina yake, na wakulima wakanunua makochi. Kochi likiingia nyumbani hudai kitambaa, na kitambaa hudai maneno. Ila watu walipopewa uhuru wa kuuza na kununua, hawakutaka tena maneno ya umoja. Walitaka maneno ya majirani.

Mama mmoja alitaka: SINA ADUI, NINA MAJIRANI. Mwingine, ambaye shemeji zake walikuwa na tabia ya kumtembelea wakati wa chakula, alitaka: UKINISIFU SANA NITAFICHA KUKU. Kuna aliyeachwa na shoga yake akanijia na maneno haya tayari kichwani: NILIKUPENDA KABLA HUJANUNUA KOCHI. Hicho nilikishona kwa uzi wa zambarau, na mwenyewe akalia kidogo alipokuja kukichukua. Nilimpa maji, kisha nikamwonyesha jinsi ya kukipiga pasi kwa upande wa nyuma.

Aliyenifundisha kazi ni Sista Aurelia, mtawa wa huku huku kwetu, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi sikioni. Somo lake la kwanza lilikuwa kuanza katikati. Unahesabu herufi, unakunja kitambaa, herufi ya kati unaiweka kwenye mkunjo, ndipo unaelekea pembeni huku na huku. Mimi nilidhani ni ushamba. Kitambaa changu cha kwanza cha ukutani kilikuwa cha nyumbani kwa katekista, nacho kilitakiwa kusema kwamba Yesu ni mgeni wetu wa kila siku. Nikaanza kushoto kwa herufi kubwa za fahari. Kitambaa kikaniishia kwenye neno MGENI, na yale yaliyobaki nikayabana chini kwenye kona kwa herufi ndogo ndogo. Waliokaa mbali walisoma kwamba kwa katekista Yesu ni mgeni. Katekista hakukasirika. Alisema kuna wiki ambazo ni kweli.

Somo la pili: uzi mwekundu ulowekwe kwanza kwenye maji ya chumvi, la sivyo utakuja kulia siku ya kufua. La tatu: usifunge mafundo nyuma, maana wageni husoma mbele lakini mama mkwe hugeuza nyuma. Na la mwisho alinipa siku ninaondoka pale misheni, amenishika mkono: "Binti, mdarizi ana sindano, hana mdomo. Anayeleta maneno atakuambia anamsema nani, kwa sababu hawezi kujizuia. Ukishasikia, shona." Somo hilo nililishika kuliko yote, na nilijivunia.

Sasa nije kwa Kandida.

Kandida alikuwa mke wa mkulima wa kahawa kule Ukata, mwanamke mwenye mikono ya jembe na sauti ndogo. Rafiki yake alikuwa Roda, mchuuzi wa usipa, wale dagaa wetu wa ziwani, kutoka Lundo ufukweni. Roda alipanda milima na vikapu vyake vya usipa mkavu, kwa lori lilipopatikana na kwa miguu lilipokosekana, akafikia kwa Kandida, akala, akalala, akauza. Kandida naye aliteremka na maharage na mahindi, akafikia kwa Roda. Mmoja Mkatoliki, mwingine Mwanglikana. Mmoja alisema Kimatengo, mwingine Kinyasa. Walikutana kwenye Kiswahili. Nilipokuja kuwafahamu, usipa na mahindi vilikuwa visingizio tu vya kuonana. Kandida alipojifungua kitinda mimba wake, Roda ndiye aliyemwogesha mtoto.

Msimu mmoja wa kuchuma kahawa, Gaudensia, dada wa mumewe Kandida, alikuja kusaidia. Alikuja na kikapu. Kahawa ilipokwisha, akaagiza godoro lake. Ngoro, yale mashimo yetu ya kulimia milimani, zikalimwa, maharage yakapandwa yakavunwa, Gaudensia yupo, amekaa kwenye kigoda karibu na mafiga akisema chumvi imezidi. Wifi kwetu hafukuzwi. Ukimwambia wifi aondoke, umeuambia ukoo mzima wa mume.

Ndipo Kandida akaja kwangu mjini. "Mama Anjela," akasema, "nataka maneno ambayo hata mume wangu hawezi kuyakataa. Mdomo wangu hauwezi. Labda ukuta utaweza." Tulikaa tukayachagua pamoja, tukaishia na haya: MGENI MZURI HUKUMBUKA KWAO. Nikayazungushia matawi ya kahawa yenye matunda mekundu. Mpaka leo sijashona kitambaa kizuri kuliko kile.

Akakitundika mbele ya benchi la wageni. Gaudensia alikisoma polepole, akitembeza midomo, kisha akamgeukia Kandida. "Wifi, hapo umefanya vizuri. Kuna watu hawana haya." Halafu akaomba aongezewe ugali.

Mgeni aliyefuata kuingia mlango ule alikuwa Roda.

Haya alinisimulia Roda mwenyewe, amekaa kwenye stuli yangu ya wateja, kikapu miguuni. Alifika Ukata amechoka, Gaudensia akamtengea chakula kwa sababu Kandida alikuwa bado shambani. "Mama, nilikuwa na tonge mkononi," akaniambia. "Nikainua macho, nikakuta nimeandikiwa. Kitambaa kipya kabisa, kinanitazama. Nikalirudisha tonge kwenye sahani. Nikasema nasikia lori, nikatoka." Hapakuwa na lori. Alilala njiani, kwa watu asiowajua.

"Labda ni maneno tu," nikamwambia.

"Ukutani kwa mtu hakuna maneno tu. Wewe unayeshona ndiye unayejua."

Nikatunga uzi kwenye sindano. Yeye akaagiza jibu lake, la kutundika kwake Lundo ambako Kandida angelisoma siku akiteremka na maharage yake: USIPA WANGU UNANUKA LAKINI HAUSEMI. Nilimpendekezea bluu ya ziwa.

Kandida, kule juu, alisubiri. Roda hakuja mwezi ule, wala uliofuata. Wakati huo wachuuzi wenye magari walikuwa wameanza kushuka mpaka ufukweni na kununua usipa wote kwa fedha taslimu, vikapu kwa vikapu. Kandida akapiga hesabu zake, akaona Roda amepata wateja wa maana na hana tena haja ya kupanda mlima kwa mke wa mkulima. Hilo lilimwuma sana, naye hakuthubutu kuteremka kwenda kuonekana mwombaji. Akaja kwangu. Akataka: ALIYEPATA GARI AMESAHAU NJIA YA MIGUU. Huyo nilimpa kijani.

Mnaniangalia kama mlivyoniangalia siku ile nilipowaambia kwamba ndoo ya maji tuliibeba kichwani. Nilijua, ndiyo. Nilijua kitambaa cha kwanza kilikuwa cha nani, nani alikichukua kwa makosa, na kwa nini. Lakini siri ya mteja ni ya mteja. Mkipeleka siri zenu kwa msusi, mngependa azitoe kwa anayesukwa baada yenu? Nilikuwa na jina mji mzima kwa sababu hiyo. Tena kazi ilinijia kwa wingi mwaka ule, maana wanawake wa Ukata walikiona kitambaa cha Kandida wakakitaka, na wa Lundo walikiona cha Roda wakakitaka. Kile cha mgeni nilikishona mara nyingi mpaka vidole vikakijua vyenyewe. Kila aliyekiagiza alinitajia mtu wake, na hakuna hata mmoja aliyerudi kuniambia kwamba mtu wake aliondoka. Wote walirudi kusema kwamba mtu wao alikisifu.

Mama yake Kandida akafariki.

Nilienda msibani Ukata. Watu walikuwa wengi, jamaa wa milimani wote, na Gaudensia aliyekuwa akipokea wageni kama mwenye nyumba. Kandida alikaa chini kwenye mkeka na wanawake wenzake. Kila alipotokea mtu kwenye njia inayopanda kutoka ziwani, Kandida aliinua kichwa. Akiona si Roda, alikiinamisha. Tulikaa hivyo mpaka tukazika, na baada ya kuzika bado aliendelea kuitazama ile njia. Iliniuma, wajukuu zangu. Nilikaa karibu yake, nikamshika bega, nikanyamaza.

Roda alipata habari. Nilimkuta sokoni Mbinga muda si mrefu baadaye, amekonda, akaniuliza walizika vizuri. Nikasema vizuri. "Nilifunga mzigo," akaniambia, "nikafungua. Ningeingiaje? Mtu amekuandikia ukutani usiizoee nyumba yake, uende na msiba uwe kisingizio?" Akageuka kupanga usipa wake mafungu mafungu, na nikaona analia juu ya usipa. Nilinunua fungu moja nikaenda zangu.

Aliyelimaliza jambo hili hakuwa mimi wala padri. Alikuwa Gaudensia.

Gaudensia alisikia kwamba samaki wa ziwani wanasaidia magoti. Akakumbuka kwamba kule Lundo ana mtu anayemfahamu, yule mama wa usipa ambaye yeye aliwahi kumtengea chakula kwa Kandida. Akashuka na kikapu. Roda alimpokea kwa mikono miwili, maana huyo alikuwa ametoka nyumbani kwa Kandida, na angeweza kupata habari za Kandida bila kuziuliza. Alimpikia samaki wa mbelele, alimpa kitanda, akakaa akimsikiliza. Alisikia habari zote alizozitaka katika siku mbili za kwanza. Baada ya hapo Gaudensia akaagiza godoro.

Usipa ulianikwa ukaanuliwa, wavuvi wakatoka wakarudi, Gaudensia yupo, kwenye kivuli cha jiko, akisema samaki wa leo mkavu mno. Siku moja wakati wa chakula akaanza kusifia nyumba ya kaka yake. "Wifi yangu Kandida ana akili," akasema. "Nilipokuwa kwake, msimu wote ule, alitundika kitambaa cha kuwasema wageni wasioondoka. Mimi mwenyewe nilimpongeza. Nikamwambia wifi, kuna watu hawana haya." Akanyoosha mkono kuchukua samaki mwingine.

Roda aliacha kula. Hii ilikuwa mara ya pili kitambaa kile kumwondoa kwenye sahani.

Asubuhi alipanda lori la Mbinga, akaingia kwangu bila kukaa. "Mama Anjela, nidarizie kile cha Kandida. Maneno yale yale, na matawi yale yale ya kahawa."

"Cha nini tena?"

"Nina mgeni."

Tukatazamana. Kwanza tulicheka kimya kimya, kisha nikalazimika kuweka sindano mezani. Roda alicheka ameinama, ameshika meza. Halafu akanyooka, akapangusa macho kwa ncha ya kitenge, na uso wake ukatulia.

"Mama. Ulikuwa unajua?"

Nikamwambia alivyoniambia Sista Aurelia, kwamba mdarizi ana sindano, hana mdomo.

"Na msibani ulikuwepo."

"Nilikuwepo."

Alichukua kikapu chake akaondoka. Niliona amechoka na safari.

Hakurudi Lundo siku ile. Alikwenda moja kwa moja Ukata. Kandida alinisimulia kwamba alikuwa anapura maharage uani akasikia mtu amesimama nyuma yake. "Hodi," Roda akasema. "Mgeni mbaya amefika." Kandida alimtazama, akayatazama matope yaliyokauka kwenye miguu yake. Akasema, "Kaa, ugali bado." Wakaingia, wakakaa kwenye benchi lile lile mbele ya kitambaa kile kile, na Roda akamlilia mama wa Kandida kilio chote alichokuwa nacho tangu msibani. Walilia mpaka ugali ukaungua. Mume wa Kandida alirudi akakuta wanacheka, akatoka tena nje.

Gaudensia? Kitambaa kilipokuwa tayari, Roda alikitundika mbele ya kigoda cha mgeni wake. Gaudensia alikisoma polepole akitembeza midomo, akatikisa kichwa kwa huruma. "Kumbe hata huku ziwani mna shida hiyo." Inasemekana aliondoka usipa ulipoadimika.

Kazi yangu ilikwisha pole pole baada ya miaka hiyo. Vikaja vitambaa vya kiwandani kutoka nje, vyenye maua makubwa na maneno ambayo hakuna aliyeyaelewa, tena kwa bei ya uzi wangu tu. Watu wakavitundika. Mtu mmoja aliniambia anavipenda kwa sababu havimgombanishi na mtu. Nilimwelewa. Macho yangu nayo yalikuwa yameanza kukataa tundu la sindano.

Siku nilipofunga kibanda changu sokoni, Kandida na Roda walikuja pamoja kuniaga. Waliniletea maharage, usipa, na kitu kilichofungwa kwenye gazeti. Nikafungua. Kilikuwa kitambaa walichodarizi wenyewe, wawili wao, wasiojua kudarizi. Walianza kushoto. Nyuma kulikuwa na mafundo matupu. Uzi mwekundu ulikuwa umechuja. Maneno yalisema: ALIJUA YOTE AKAENDELEA KUSHONA.

Niliyasoma, nikacheka sana. Pale sokoni, kibanda cha pili kutoka changu, kulikuwa na fundi cherehani mmoja aliyejua mambo ya kila nyumba ya Mbinga, nani ana mimba, nani anadaiwa, na alimsikiliza kila mtu huku mguu wake ukikanyaga cherehani bila kusimama. Mtu hatari sana. Nikawaambia, "Hapa mmempata. Huyu ndiye yule fundi, barabara kabisa."

Walitazamana. Roda alitaka kusema kitu, Kandida akamgusa goti.

"Ndiyo, mama," Kandida akasema kwa sauti yake ndogo. "Tulimkumbuka huyo huyo."

Nilikitundika sebuleni, mbele ya kiti ninachokaa, mnakiona pale. Herufi zimepinda, lakini ni zawadi ya marafiki. Yule fundi cherehani alihamia Songea miaka mingi iliyopita. Nimekiacha ukutani, namsubiri aje akisome.